Wakusanyaji wa Mizoga

Dalali alinipigia simu Jumamosi saa moja asubuhi. "Bosi, kuna stoo inasafishwa. Kamera za zamani, zile zako za begani. Ukichelewa zinaenda skrepa." Sikumaliza chai. Nilichukua bajaji mpaka kwenye stoo hiyo, mali ya kampuni moja iliyowahi kutengeneza vipindi vya televisheni, nikakuta vijana wanne wanatoa vitu nje kwa toroli. Karibu na geti alishafika mtu wa chuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza.

Kamera zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na lenzi, nyingine haikuwa nayo. Nilizilipia bila kubishana sana, kwa sababu anayeijua thamani ya kitu huogopa kuomba punguzo, muuzaji asije akashtuka. Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na rafu tatu za chuma zilizojaa kanda za Betacam, kubwa kwa ndogo, migongo ya makasha yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Nilisoma moja: "Mvua El Nino." Nyingine: "Mahojiano sokoni, haijahaririwa." Kijana mmoja akaniuliza, "Na hizi, kaka?" Nikamwambia hizo sina kazi nazo. Nyumbani nafasi ilikuwa finyu, kanda ni nzito, na ukweli wenyewe ni kwamba hazikuwa nzuri kutazama.

Jumatatu nilirudi kutafuta kebo niliyoisahau. Rafu zilikuwa tupu. Kanda zilishapakiwa kwenye fuso kwenda dampo, makasha amepewa mtu wa plastiki.

Naandika haya kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Nimekusanya kamera za utangazaji kwa miaka tisa. Ninazo kumi na moja. Nawajua wenzangu wa Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, na tunaandikiana usiku wa manane tukioneshana picha za vishikio na vibao vya majina ya mashine. Ninachosema ni hiki: wengi wetu ni wapambaji tunaojiita wakusanyaji. Tunawinda mashine zilizokuwa macho ya nchi, tunazipangusa vumbi, tunazipandisha kwenye rafu zikiwa zimekufa, halafu kazi hiyo tunaiita kuhifadhi historia. Historia haikukaa ndani ya kamera. Ilipita humo ikaenda kwenye kanda, na kanda tuliiacha getini.

Msomaji asidhani siielewi raha ya uwindaji. Naielewa mno. Naijua ile joto ya tumboni unapoona, kwenye picha chafu iliyopigwa kwa simu mbovu, pembe ya kamera uliyoisoma kwa miaka bila kuigusa. Kuna RCA TK-41, kamera ya rangi ya Kimarekani ya miaka ya 1950, ambayo kichwa chake peke yake kina uzito wa zaidi ya kilo 100. Kuna EMI 2001 ya Waingereza, iliyoficha lenzi yake ndani ya mwili, na BBC ikaitumia studioni kwa zaidi ya miaka 20. Kuna RCA TK-76 ya mwaka 1976, moja ya kamera zilizomtoa mwandishi wa habari studioni na kumpeleka barabarani, kwa sababu mtu mmoja aliweza kuibeba begani. Na kuna Ikegami HL-79, Mjapani wa mwishoni mwa miaka ya 1970, kipenzi cha wapiga picha wa habari wa kizazi kizima. Hiyo ninayo. Niliitafuta miaka minne.

Mashine hizi zilikuwa na tabia. Kabla ya vipande vya silikoni kushika nafasi katika miaka ya 1980, kamera ya televisheni iliona kwa tyubu za kioo. Mwanga unaingia kwenye lenzi, prizimu inaugawa kuwa nyekundu, kijani na buluu, na kila rangi inaangukia tyubu yake. Ndani ya tyubu, mwali wa elektroni unapita mstari kwa mstari, ukiisoma picha kama mtu anayesoma ukurasa kwa kidole. Kisha picha tatu zinalazwa juu ya moja. Zikipishana kwa unywele, msoma taarifa ya habari anaota ukingo mwekundu puani. Tyubu ilikuwa kiungo muhimu hivyo kwamba tuzo ya Emmy ya Marekani ilipata jina lake kutokana na "Immy", jina la utani la tyubu ya wakati huo iliyoitwa image orthicon. Watu wa Hollywood wanaenda nyumbani na sanamu ya dhahabu iliyopewa jina la kioo cha ndani ya kamera.

Na tyubu haisamehe. Ukiielekeza kwenye mwanga mkali, kidonda kinabaki. Novemba 1969, Alan Bean wa Apollo 12 aliielekeza kwa bahati mbaya kamera yake kwenye jua akiwa juu ya mwezi, na matangazo ya picha kutoka huko yakaishia hapo hapo.

Kwa hiyo sishangai mtu akipenda vitu hivi. Nashangaa jinsi tunavyovipenda.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa televisheni mstaafu, aliyeanza kazi Zanzibar akiwa kijana. Nilimwalika nyumbani ili nimwoneshe mali. Nilishapanga hata mwanga wa taa uangukie rafu vizuri. Nikamsabahi, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Akakaa, akanywa kahawa, akanyanyuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye Ikegami. Akaipapasa shingoni kama mtu anayempapasa mbuzi mnadani.

"Inawaka?"

Nikamwambia haiwaki, ila ni nadra sana, ya namna yake hapa mjini huenda hakuna nyingine.

Akasogea kwenye Philips yangu ya studio, kubwa, yenye magurudumu, ambayo kila mgeni huiombea picha. "Na hii? Kebo yake iko wapi? Boksi lake la kuiongozea liko wapi?" Sikuwa na kebo wala boksi. Kamera ya studio haijitegemei: umeme wake, rangi zake, mwanga wake, vyote vinaongozwa kutoka kwenye mtambo mwingine uliokaa chumba cha pili, na kebo nene ndiyo inayoviunganisha. Mzee akarudi kukaa. Hakunisema kwa ukali. "Mwanangu," akasema, "hiki ulichonacho ni kichwa cha ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe yuko wapi? Unakusanya mizoga."

Niliumia, na nilimchukia kwa muda wa kama wiki moja. Kisha nikampigia simu.

Alikuja Jumamosi tatu. Jumamosi ya kwanza alinikataza hata kuugusa umeme. Kapasita za miaka arobaini zimekauka, alisema, ukizipa umeme wote kwa mkupuo zinapasuka na kuondoka na vingine. Tulizitoa moja moja, tukazifuata mpya Kariakoo, akazichomelea huku mkono wake wa kushoto ukitetemeka na wa kulia ukiwa umetulia kama wa daktari. Jumamosi ya tatu tukaiwasha. Kwanza giza. Kisha, taratibu, kwa sababu tyubu inahitaji kupata joto, chumba changu kikaanza kuonekana kwenye skrini, chenye uwaridi, chenye ukungu, na balbu ya dari ikiacha mkia nyuma yake kila kamera ilipozunguka, kama kimondo. Mzee akabandika ukutani karatasi yenye mistari iliyokatizana, akaingiza bisibisi ndogo ubavuni mwa kamera, na akaanza kuzilaza rangi tatu juu ya moja. Hakuangalia vidole vyake hata mara moja. Macho yalikuwa kwenye skrini, na vidole vilijua vyenyewe njia ya kwenda.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nacho na nilichokuwa sina. Nilikuwa na chuma. Elimu ya kukifanya chuma kile kione ilikuwa kwenye vidole vya mtu wa miaka zaidi ya sabini, haikuandikwa popote nyumbani kwangu, na siku moja itazikwa naye. Katika miaka tisa ya kuwinda, sikuwahi kumtafuta fundi hata mmoja. Fundi hana namba ya toleo. Fundi hapigwi picha akapata sifa.

Sasa niwaulize wenzangu. Kamera nadra kuliko zote duniani ni ipi? Jibu ni rahisi: ni ile iliyotengenezwa na Westinghouse, iliyomwonesha Neil Armstrong akishuka ngazi Julai 1969. Iko mwezini hadi leo. Waliiacha huko, na hakuna dalali atakayeifikia. Sasa ulizeni kanda zake. Picha za kamera ile zilikuja za namna yake, fremu 10 kwa sekunde, na ilibidi zigeuzwe ndipo televisheni za kawaida ziweze kuzipokea, na katika kugeuzwa zikapoteza ubora. Lakini duniani zilirekodiwa pia kwenye kanda za data kama zilivyofika, kabla ya kugeuzwa. Miongo kadhaa baadaye NASA ikazitafuta kanda hizo, na mwaka 2009 ikakiri kwamba huenda zilifutwa na kutumiwa tena. Kamera ipo salama mahali ambapo hakuna hata upepo wa kuipeperushia vumbi, na kanda bora za safari kubwa kuliko zote za mwanadamu zimerekodiwa vitu vingine juu yake.

Kama mfano huo uko mbali sana, njooni Nigeria. Katika miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta kanda zake nyingi, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na hakuna aliyefikiri mtu angetaka kukitazama tena kipindi cha mwaka jana. Zaidi ya vipindi 90 vya tamthilia ya Doctor Who havipo mpaka leo. Lakini BBC ilikuwa ikiziuzia nchi nyingine nakala za filamu, zetu za Afrika zikiwemo. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa vimepotea vimepatikana kwenye stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos. Waliovifuta walikuwa na studio zinazohusudiwa na dunia nzima. Aliyeviokoa alikuwa mtu asiyejulikana wa kituo cha mkoani aliyeacha makopo ya filamu mahali yalipokuwa, akafunga mlango. Hakuwa mkusanyaji. Alifanya tu kile ambacho mimi sikukifanya kwenye ile stoo: hakuyatupa.

Na hapa ndipo ugomvi wangu na wakusanyaji wa Afrika Mashariki unapokuwa mkali zaidi. Neno "nadra" tumeazima kwa nani? Orodha tunazozifuata, kamera hii daraja la kwanza, ile daraja la pili, ziliandikwa na watu waliokulia mbele ya televisheni za Marekani, Uingereza na Japani. Kwao TK-41 ni utoto wao. Kwangu ni chuma kizuri kisichonijua. Hata nikiipata nikaisafirisha kwa meli, inatoa picha ya mistari 525 kwa mfumo wa Kimarekani, wakati vituo vyetu vilijengwa juu ya mfumo wa PAL wa mistari 625. Itakuwa mgeni asiyeijua lugha ya nyumba. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tumeuchana tukafungia msala.

Fikirini historia yetu ya picha ilivyo fupi, na kwa hiyo ilivyo rahisi kupotea yote. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilianza mwaka 1973, na ilianza na rangi, jambo lililokuwa geni kusini mwa Sahara. Tanzania Bara tulisubiri. Serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi yenye kazi kubwa zaidi za kufanya, na vituo vya kwanza vya Bara vikaja mwaka 1994, vya watu binafsi. Pigeni hesabu. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika Oktoba 1995, televisheni ikiwa na umri wa mwaka mmoja na kitu. Mei 1996, MV Bukoba ikazama Ziwa Victoria. Mwaka 1997 kuingia 1998, mvua za El Nino zikabomoa barabara na madaraja. Agosti 1998, bomu likalipuka ubalozi wa Marekani. Oktoba 1999, Mwalimu akaletwa kutoka London ndani ya jeneza, na nchi nzima ikasimama barabarani. Hiyo ndiyo miaka mitano au sita ya kwanza ya Bara kujitazama yenyewe kila jioni, na picha zake zilikaa kwenye kanda za sumaku: Betacam, U-matic, hata VHS za kawaida.

Hizo ndizo zetu zilizo nadra. Kamera chakavu ya Betacam ambayo Mjapani ataipita bila kugeuka, na deki yake, na kanda yenye maandishi ya wino, ni kitu ambacho hakuna mnada wa Ulaya utakaotuuzia tukikipoteza. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzia kazi yake Dar es Salaam, alipiga mwaka 1984 picha za njaa ya Ethiopia zilizoitikisa dunia. Waliochanga fedha hawakuuliza alitumia kamera gani. Waliiona picha, kwa sababu picha ilifika.

Wakati hauko upande wetu. Ndani ya kanda, chembe za sumaku zimegandishwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu. Kwa miji kama Dar, Mombasa na Unguja, ambako hata chumvi mezani hugandamana, unyevu ni wa kila siku. Gundi ikilainika, kanda inanata kwenye deki na kuacha sumaku yake kwenye vichwa vya kusomea, na kila inapochezwa inajiua. Hata ikiwa nzima, inahitaji deki, na deki za utangazaji hazitengenezwi tena. Mwaka 2015 hifadhi ya taifa ya filamu na sauti ya Australia ilitoa onyo kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishiwa kidijitali ifikapo 2025 nyingi zitapotea, na mwaka 2019 UNESCO nayo ikaja na tahadhari ya namna hiyo. Mwaka huo tumeshaufikia. Australia wana vyumba vyenye baridi na mafundi wanaolipwa mshahara. Sisi tuna stoo yenye bati.

Nanyi vijana wa rika langu, msicheke mkidhani hili ni la wazee wenye stoo. Mnapakua programu za kuweka mistari ya uongo, mikwaruzo ya uongo na tarehe ya uongo ya mwaka 1996 kwenye video zilizopigwa jana. Mnakodi kamera mfu iwekwe kwenye kona ya mgahawa ili mteja apige picha akiwa ameiegemea. Nimekodisha yangu mara mbili kwa kazi hiyo, na nililipwa vizuri. Tunalipia uigizaji wa kasoro za kanda, wakati kanda yenyewe, yenye mwaka 1996 wa kweli ndani yake, iko dampo. Mtu wa video ya muziki anataka "ile hali ya zamani". Hali ya zamani ipo, ina sura za watu, ina majina, baadhi yao ni shangazi zetu, na hakuna anayeitaka.

Najua majibu yenu, kwa sababu nimeyatumia yote.

Mtasema kukusanya ni starehe binafsi, hakuna aliyewapa kazi ya taifa. Sawa. Basi acheni kujiita wahifadhi kila mnapoomba kuhojiwa. Chagueni moja.

Mtasema kamera ni kitu kizuri chenyewe, kama saa au gari la kale, haihitaji kufanya kazi ili istahili kupendwa. Hapa nakubali kwa nusu. Umbo la HL-79 naweza kulitazama jioni nzima. Lakini mwenye gari la kale huona aibu likishindwa kutoka nje ya geti. Sisi ndio watu pekee ninaowajua wanaojisifia injini isiyonguruma.

Mtasema kanda zina wenyewe, kuna haki za watu humo. Ni kweli, na ni hoja nzito. Ila kuokoa si kurusha hewani. Ukimwokota mtoto wa mtu aliyepotea hujageuka mzazi wake. Umemweka mahali pakavu mpaka mwenyewe apatikane.

Mtasema ni kazi ya serikali. Na iwe. Lakini fuso halikusubiri serikali. Liliondoka Jumatatu asubuhi. Aliyekuwepo pale Jumamosi, akiwa na fedha mfukoni na anajua kile anachokitazama, nilikuwa mimi.

Ninachodai si kikubwa. Mkusanyaji wa kamera za utangazaji anunue mnyororo mzima: kamera, kebo yake, boksi lake la kuiongozea, deki inayosoma kanda zake, kitabu chake cha ufundi. Asiponunua vyote leo, aache kuwinda kamera ya pili mpaka ya kwanza iwake. Akiingia stoo, macho yake yaanzie kwenye kanda, kisha yaende kwenye mashine. Na kwa kila kamera aliyonayo amtafute mtu mmoja aliyeifanyia kazi, amweke mbele ya mashine ile, arekodi vidole vyake. Hili limeshafanywa na wengine. Kuanzia mwaka 2013, mradi ulioitwa ADAPT wa chuo cha Royal Holloway cha London, chini ya profesa John Ellis, uliwakutanisha wafanyakazi wastaafu wa televisheni na mitambo ya enzi zao na kuwapiga picha wakiitumia. Mikono ilikumbuka vitu ambavyo midomo ilishasahau. Nilipokuja kuusoma mradi huo nilimkumbuka mzee wangu na bisibisi yake.

Na anayedhani mashine inayowaka haina kazi tena, atazame filamu ya No ya Pablo Larraín, ya mwaka 2012, kuhusu kura ya maoni ya Chile ya mwaka 1988. Waliipiga kwa kamera za kale za tyubu, Ikegami, wakarekodi kwenye U-matic, ili picha mpya ziungane na picha halisi za 1988 bila mshono kuonekana. Kamera ziliwaka kwa sababu kuna mtu aliziwasha. Picha za 1988 zilikuwepo kwa sababu kuna mtu hakuzitupa. Bila wa pili, wa kwanza angekuwa na kazi gani?

Mwezi uliofuata baada ya ile stoo niliuza kamera nne. Nilianza na ile Philips ya studio, kichwa cha ng'ombe. Kwa fedha hizo nilinunua deki moja ya Betacam SP ya PAL, iliyotumika, nzito kama jiwe la kusagia. Haivutii. Mgeni akiiona hauliizi chochote. Mzee aliifungua, akasafisha vichwa vyake kwa pamba na spiriti, akafunga, kisha akanionesha kwenye kijiskrini chake hesabu ya saa ambazo vichwa hivyo vimeshazunguka. Namba ilikuwa kubwa. Vichwa vya deki huisha kama soli ya kiatu, na vipya hatujui tutavipata wapi. Kila saa ninayocheza kanda inakatwa kwenye saa zilizobaki.

Kwa hiyo siichezi ovyo. Kila kanda nasoma kwanza mgongo wake, nainusa kama ina harufu ya uchachu, naikagua kama imenata, ndipo naiingiza. Mpaka sasa tumehamisha kanda kumi na tisa. Nyingi ni za harusi na matangazo ya sabuni. Moja ni ya mwalimu wa shule ya msingi akieleza, kwa dakika sita bila kukatizwa, kwa nini watoto wake wanasomea chini ya mwembe. Sijui ni shule gani. Nimeandika ninachokiona, nikaiweka.

"Mvua El Nino" haimo. Sijui mlikuwa na nini ndani yake, na hakuna atakayejua. Inawezekana ilikuwa dakika ishirini za maji tu yanayopita.

Deki bado ina saa zake. Mzee bado anakuja Jumamosi, ingawa ngazi zinamchosha na sasa tunapumzika ghorofa ya kwanza kabla ya kuendelea. Wewe mwenye baba aliyewahi kubeba kamera, mwenye mjomba aliyefanya kazi kituoni, mwenye sanduku chini ya kitanda ambalo mama anataka kulitupa sikukuu ikikaribia: kabla hujauliza kama kuna kamera humo, angalia kama kuna kanda.